Kambale Mvaa Deraya

Katika soko la Dzaleka samaki huuzwa kila siku. Utaona usipa waliokaushwa juani, ambao sisi tuliotoka pande za Uvira na Fizi huwafananisha na ndagala wetu. Utaona utaka, na siku nyingine chambo. Na katika kikapu cha pembeni utaona samaki mweusi aliyekaushwa kwa moshi, mwenye kichwa kipana kilicholala bapa na masharubu marefu. Wenyeji wa Malawi humwita mlamba. Kwa Kiswahili jina lake ni kambale. (Wenzetu Wanande humwita Kambale mtoto wa pili wa kiume, lakini jina hilo ni la mpango wa kuzaliwa tu, wala halina habari ya samaki. Naomba akina Kambale wa kidato chetu wasichekwe kwa ajili ya makala hii.)

Wengi wetu twadhani kwamba kambale ni samaki wa namna moja. Kumbe ukoo wake ni mkubwa ajabu. Wataalamu wa elimu ya viumbe wamekwisha kuandika aina zaidi ya 3,000 za kambale duniani pote. Leo nataka kueleza habari za mmoja wao, ambaye urefu wake hauzidi kidole cha mtu, na kwao ni Amerika ya Kusini. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, maumbile yake yatufundisha mambo mengi juu ya kambale wetu wenyewe. Ya pili, siku hizi yeye na ndugu zake hupatikana hata Lilongwe, ndani ya masanduku ya kioo, na jambo hilo lina hatari yake kwa watu wote wanaokula samaki wa Ziwa Malawi.

KWAO NI WAPI?

Samaki huyu huitwa koridorasi. Jina hili limetungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza maana yake ni chapeo, na la pili maana yake ni ngozi. Aliyelitunga ni Mfaransa Lacépède, mwaka 1803. Tangu siku hizo zimegunduliwa aina zaidi ya 160. Mwaka 2024 wataalamu, baada ya kuchungua mifupa na chembe za urithi, waliligawa kundi hilo katika makundi madogo kadhaa, na baadhi ya samaki hao wakapewa majina mapya. Hapa nitawaita wote koridorasi, kama wafanyavyo watu wanaowafuga.

Koridorasi hukaa katika mito na vijito, kuanzia kisiwa cha Trinidad upande wa kaskazini mpaka Argentina upande wa kusini. Mito yao mikubwa ni Amazon, Orinoco na Paraná. Walio wengi hawafiki sentimita 8, na wengine ni wadogo hata hawazidi sentimita 3. Hutembea kwa makundi chini kabisa ya maji, wakichimba mchanga kwa midomo yao na kupapasa kwa masharubu, wakitafuta minyoo na wadudu wadogo.

Mwingereza Charles Darwin alipozunguka dunia katika merikebu iitwayo Beagle, kutoka mwaka 1831 mpaka 1836, alikusanya samaki wengi na kuwatia katika chupa za pombe kali ili wasioze. Mmoja wao alikuwa koridorasi mwenye madoa. Kasisi Leonard Jenyns alimchungua na kumwandika kitabuni mwaka 1842. Basi samaki huyu, ijapokuwa ni mdogo, ana historia ndefu katika elimu.

DERAYA YAKE

Mtu akimshika kambale wetu, ataona mara moja kwamba ngozi yake ni tupu na yateleza. Hana gamba hata moja. Koridorasi naye hana magamba, lakini amevaa kitu kingine. Kila ubavu wake una safu mbili za mabamba ya mfupa, moja ya juu na moja ya chini, na kila bamba limelalia mwenzake kama vigae vya paa. Kichwani ana mfupa mgumu kama chapeo. Kwa kuwa mabamba hayo hayakuungana, bali yamepangwa tu, samaki aweza kujipinda na kuogelea bila taabu. Askari wa zamani waliovaa deraya ya chuma walifanya vivyo hivyo: waliunganisha vipande vingi vidogo ili waweze kukunja mikono na magoti.

Tena ana miiba. Mbele ya pezi la mgongoni pana mwiba, na mbele ya kila pezi la ubavuni pana mwiba pia. Akiogopa huisimamisha yote mitatu, nayo hukazwa na mifupa ya ndani, hata huwezi kuilaza kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe apende. Samaki mkubwa au ndege anayemmeza hukuta ana msumari wa pembe tatu kooni. Baadhi yao wana sumu kidogo katika miiba hiyo; anayechomwa huona maumivu makali.

Wasomaji waliowahi kuvua katika maziwa yetu watasema kwamba wamekwisha kuona jambo hili. Ni kweli. Yule ambaye wavuvi wa Ziwa Viktoria humwita gogogo, na hapa Malawi huitwa nkholokolo, ana mfupa mgumu kichwani na miiba mitatu ya namna hiyo hiyo. Yeye ni kambale wa Afrika, na koridorasi ni kambale wa Amerika. Lakini gogogo amejikinga kichwa tu, na koridorasi amejikinga mwili mzima.

Watu waliniuliza swali moja ambalo nalitazamia litaulizwa tena. Waadventista na wengine hawali kambale, kwa kuwa Mambo ya Walawi, mlango wa 11, huruhusu samaki mwenye mapezi na magamba tu. Je, mabamba ya koridorasi yahesabiwa kuwa magamba? Kwa elimu ya viumbe jibu ni hapana. Gamba la chambo waweza kulikwangua kwa kisu, likatoka peke yake. Bamba la koridorasi ni mfupa ulioota ndani ya ngozi yenyewe. Kwa upande wa dini, hilo si langu. Kila mtu na amwulize mzee wa kanisa lake.

Tena koridorasi si chakula, maana ni mdogo mno. Lakini ana binamu mkubwa, mwenye deraya ya namna ile ile, ambaye hufikia sentimita 20 na zaidi. Huko Trinidad humwita kaskadura, na hupikwa kwa mchuzi wa bizari. Humpika pamoja na mabamba yake, kisha huyabandua mezani. Watu wa Trinidad wana hadithi yao ya kale kwamba mtu yeyote aliyekula kaskadura, hata akienda mbali namna gani, atarudi Trinidad kumaliza siku zake. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri juu ya mikeke wa Ziwa Tanganyika, ambao wazazi wetu waliwala kwa miaka mingi. Kama hadithi hiyo ingekuwa kweli kwa samaki wote, Dzaleka isingekuwa na watu.

JINSI ANAVYOPUMUA

Samaki hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya mashavu yake. Maji hupita, na matamvua huchukua hewa safi iliyoyeyuka ndani ya maji. Lakini maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Tena majani yanayooza majini huila hewa hiyo. Kwa hiyo dimbwi la wakati wa kiangazi, lenye maji machache, ya vuguvugu na yenye majani mengi, ni mahali pabaya kwa samaki. Wengi hufa.

Kambale wetu hafi upesi, kwa sababu ana kifaa kingine. Juu ya matamvua yake, nyuma ya kichwa, pana chumba kidogo, na ndani yake pameota kitu chekundu chenye matawi mengi kama mti mdogo. Kambale hupanda juu, humeza hewa, na hewa hiyo hukaa katika chumba kile, na damu iliyo katika matawi huichukua. Ndiyo sababu kambale aliyevuliwa asubuhi aweza kuwa hai mpaka jioni kikapuni. Ndiyo sababu pia usiku wa mvua aweza kutoka dimbwi moja na kujikokota juu ya majani mabichi mpaka dimbwi la pili.

Koridorasi naye huishi katika vijito ambavyo mara nyingine maji yake huharibika. Lakini hana ule mti mdogo. Yeye hutumia utumbo! Hupanda juu upesi kama mshale, humeza funda la hewa, hurudi chini. Hewa hupita tumboni, hufika sehemu ya nyuma ya utumbo, ambako ngozi ni nyembamba sana na mishipa ya damu ni mingi. Hapo damu huichukua hewa safi, na hewa iliyobaki hutoka kwa nyuma. Kwa hiyo utumbo wake hufanya kazi mbili, ya chakula na ya pumzi.

Hapa pana somo zuri la elimu ya viumbe. Samaki wawili, mmoja wa Afrika na mmoja wa Amerika, walikutana na shida moja, yaani maji yasiyo na hewa. Kila mmoja akaipata njia yake, na njia hizo hazifanani. Mwanafunzi anayetaka kuhakikisha aweza kufanya jaribio jepesi. Atie vitoto viwili vya mlamba katika ndoo mbili, ndoo moja ya maji mapya na ndoo ya pili ya maji yaliyokaa siku nyingi na majani. Kisha ahesabu kila kimoja kinapanda juu mara ngapi kwa muda wa nusu saa. Asisahau kufunika ndoo kwa wavu, maana mlamba ni mtoro hodari.

JINSI WANAVYOZAA

Kuzaa kwao nako ni kwa ajabu. Jike wa koridorasi huyashika mayai yake machache kwa mapezi ya tumboni, aliyoyakunja kama kikapu. Kisha huweka kinywa chake tumboni mwa dume na kumeza mbegu zake. Mbegu hizo hupita utumboni upesi pasipo kuharibika, hutoka nyuma, na kukutana na mayai ndani ya kikapu kile. Wataalamu wa Kijapani walilieleza jambo hili mwaka 1995. Tusishangae sana, tumekwisha kuona kwamba utumbo wa samaki huyu umezoea kupitisha hewa upesi. Baadaye jike huenda kubandika mayai juu ya jani au jiwe, moja hapa, moja pale, ili adui akiyaona haya asiyaone yale.

Koridorasi akiisha kubandika mayai huondoka. Kambale wengine wana desturi nyingine. Kampango wa Ziwa Malawi, dume na jike, hulinda kiota chao pamoja, na jike hutaga mayai mengine yasiyo na uzazi ili watoto wayale. Lakini katika Ziwa Tanganyika yupo gogogo mmoja mwenye madoa ambaye hana huruma. Samaki wengine wa ziwa lile hutunza mayai yao kinywani. Wakati wa kutaga, gogogo huyo huja mbio na kuangusha mayai yake kati ya mayai yao, na mama huyaokota yote pamoja. Vitoto vya gogogo hutangulia kuanguliwa, kisha huwala watoto halisi wa mwenye kinywa. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1986. Wazee wetu walivua samaki hao miaka mingi, na siri hiyo ilikuwa imefichwa kinywani.

JINSI ANAVYOFIKA LILONGWE

Koridorasi ni mzuri wa kutazama, mpole, na huvumilia maji yasiyo mazuri. Kwa sababu hizo hununuliwa na watu wa nchi nyingi ili kupamba nyumba na maofisi. Siku hizi walio wengi hawavuliwi mtoni, bali huzalishwa katika mabwawa ya wafanya biashara, kisha husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya nailoni iliyotiwa maji na hewa safi.

Malawi yenyewe imo katika biashara hii, kwa upande wa kuuza. Mbuna, wale samaki wadogo wa miambani wenye rangi ya buluu na manjano, wametoka Ziwa Malawi kwenda Ulaya na Marekani kwa miaka mingi sana.

Mwaka uliopita wanafunzi wachache wa kidato chetu tulipata kibali cha kwenda Lilongwe pamoja na mwalimu wetu. Katika ofisi moja tulikuta sanduku kubwa la kioo. Ndani yake walikuwamo koridorasi watano, wakichimba mchanga bila kuchoka. Alikuwamo na samaki wa sita, wa aina nyingine, mweusi mwenye madoa, amejibandika kiooni kwa mdomo. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Huyo ni kambale mfyonzaji, ndugu wa mbali wa koridorasi, wa Amerika ya Kusini vilevile, naye deraya yake ina safu nyingi zaidi. Huuzwa angali mdogo kama kidole, na mwuzaji husema atasafisha kioo kwa kula ukungu. Hasemi kwamba atakua mpaka kufikia nusu mita.

Bwana mwenye sanduku alikuwa akijitayarisha kuhama nchi. Mwalimu alimwuliza kwa Kichewa, “Bambo, samaki hawa mtawapeleka wapi?” Akajibu kwa wema kabisa, “Aa, mwalimu, nitawatia mtoni Lingadzi. Samaki ni wa mto. Nao wataka uhuru.”

Neno lake lilikuwa la huruma, lakini hapo ndipo penye hatari. Tazama ramani. Maji ya Lingadzi huingia mto Lilongwe. Mto Lilongwe huingia mto Linthipe. Na Linthipe humwaga maji yake katika Ziwa Malawi, upande wa Salima. Kinachotiwa mtoni katikati ya mji chaweza, kwa wakati wake, kufika ziwani.

KWA NINI NI HATARI?

Ziwa Malawi lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Wataalamu hukisia 800 mpaka 1,000, na walio wengi hawapatikani mahali pengine popote. Baadhi yao wamekwisha kudhoofika kwa kuvuliwa mno. Chambo na kampango wote wamo katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Na yuko mpasa, ambaye kila mwaka hutoka ziwani na kupanda mito kama Linthipe na Bua ili atage mayai katika changarawe. Samaki wa kigeni anayechimba chini ya mto na kuokota kila kitu angekuwa jirani mbaya kwa mayai hayo.

Si neno la kubahatisha. Yule kambale mfyonzaji amekwisha kutoroka katika nchi nyingi. Huko Mexico, katika bwawa kubwa la Infiernillo, wavuvi walikuwa wakivua samaki wa jamaa ya chambo. Wafyonzaji walipoongezeka, nyavu zilijaa wao, zikachanika kwa miiba na mabamba yao, na wavuvi wengi walipoteza riziki. Huko Florida huchimba mashimo katika kingo za mito na maziwa mpaka udongo ukaporomoka. Na katika bara letu wamekwisha kukaa katika mto Nseleni, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Samaki mwenye deraya akiingia katika maji yasiyo na adui awezaye kumtafuna, nani atamzuia? Koridorasi mdogo hajapata sifa mbaya kama hiyo. Lakini hata yeye aweza kuchukua minyoo na magonjwa ambayo samaki wa hapa hawakuyazoea.

Hapa Malawi tuna mifano ya karibu. Yule mmea wenye maua ya zambarau unaoelea juu ya maji, ambao Wamalawi huuita namasupuni na Waswahili huuita magugu maji, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulichukuliwa nchi kwa nchi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Leo umejaa katika mto Shire, na mara nyingi huziba njia za maji za mitambo ya umeme, hata Blantyre na Lilongwe huingia gizani. Na karibu na Cape Maclear, katika kisiwa cha Thumbi Magharibi, wafanya biashara ya samaki waliwaacha mbuna waliotoka pande nyingine za ziwa hili hili, kabla ya mahali pale kufanywa hifadhi mwaka 1980. Wageni hao wakazaana, na wengine wakachanganyika na wenyeji mpaka aina mbili zikawa hazitambulikani.

Tena kila mmoja wetu amesikia habari za sangara katika Ziwa Viktoria. Alitiwa huko katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa muda wa miaka kama 20 hakuonekana kuwa na neno. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafula, na aina kama 200 za samaki wadogo wa ziwa lile zikatoweka. Ni kweli, sangara ameleta viwanda na fedha. Lakini wale waliotoweka hawakurudi.

MGENI WA MAJINI NA MGENI WA WATU

Tulipojadiliana habari hizi darasani, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwa uchungu, “Basi na sisi ni koridorasi. Tumewekwa ndani ya kioo, na watu waogopa tukimwagwa.” Darasa lilinyamaza. Dzaleka ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, na wengine wetu tumezaliwa hapa, kwa hiyo neno lile liliingia.

Nimelifikiri sana, na nataka kulijibu kwa elimu ile ile ya viumbe. Aina za samaki ni nyingi, lakini watu wote ni aina moja. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Mmalawi hawatofautiani kama mpasa na mfyonzaji. Ni kama mpasa wa Bua na mpasa wa Linthipe. Tena mtu akiingia nyumba ya watu aweza kupiga hodi, kujifunza Kichewa, kushika sheria, kulima, kufundisha na kuuza. Samaki hana hodi. Hakuomba kutolewa Amazon, wala hajui lililo halali na lililo haramu katika Linthipe. Kwa hiyo mfano wa samaki haufai kutumiwa kwa watu, na anayeutumia hajui elimu ya viumbe wala adabu ya wageni.

Wala si kila kiumbe cha kigeni ni kibaya. Mahindi, ambayo ndiyo nsima ya Malawi na ugali wetu, yametoka Amerika. Muhogo nao umetoka Amerika ya Kusini, kwao koridorasi. Lakini mahindi hukaa shambani. Yakimwudhi mkulima, huyang'oa. Mgeni wa majini huwezi kumwona wala kumfukuza. Tofauti ndiyo hiyo.

YATUPASAYO KUFANYA

Yule bwana wa Lilongwe alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akauliza maswali, akacheka, kisha akasema hakujua kwamba Lingadzi yafika mbali hivyo. Wiki ile ile samaki wote sita, pamoja na sanduku lao, alimpa rafiki yake anayefuga samaki mjini. Hakumwaga mtoni hata maji ya sanduku. Aliyamwaga bustanini, penye udongo mkavu.

Basi nayasema haya kwa kifupi. Mtu mwenye samaki wa mapambo asimtie mtoni, ziwani, wala katika bwawa la shamba. Akichoka naye, ampe mtu mwingine anayefuga. Asiyeweza kumpata mtu, heri amwue samaki yule upesi na kumfukia, ijapokuwa ni vigumu, kuliko kumwachia. Anayetaka kufuga samaki wa chakula afuge wa hapa hapa: chambo, makumba au mlamba. Mlamba humfaa sana mtu mwenye bwawa dogo, kwa kuwa tumeona jinsi anavyovumilia maji mabaya. Maarifa ya ufugaji hupatikana kwa mabwana wa Idara ya Uvuvi, katika kituo cha Domasi, na kwa walimu wa Chuo cha Bunda nje ya Lilongwe. Na swali la kuleta samaki mpya kutoka nchi za nje ni la Idara hiyo, si la mtu mmoja na mfuko wake wa nailoni.

Sisi wa Dzaleka hatuna mto wala ziwa, twateka maji kwa pampu. Lakini usipa unaoliwa hapa hutoka ziwani, na bei yake hupanda kila samaki wanapopungua. Kwa hiyo mtu wa hapa akienda Lilongwe na kuona sanduku la kioo, asione haya kumwuliza mwenyewe kwa adabu: “Bambo, samaki hawa mtawapeleka wapi?” Swali dogo kama hilo laweza kuzuia hasara kubwa. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Na yakiwa na samaki ndani yake, hayazoleki kabisa.